Juu ya Kulabu

Saa nane za usiku, Halifax, hospitali ya kilimani.
Mashine ya chai imemeza sarafu mbili, imenyamaza.
Winifred Ogden ameukumbatia mkoba wake
kama abiria anayeogopa kupitwa na kituo.
Mumewe yuko ndani tangu saa mbili,
kifua wazi, chini ya taa asizoruhusiwa kuziona.

"Niko juu ya kulabu," anasema,
kwa Kiingereza cha bondeni mwao,
kile kinachodondosha nusu ya maneno njiani
na hakirudi kuyaokota.

Sisi tungesema: roho juu.
Yetu hupaa, ikakwama hapo kooni, haina pa kushika.
Yao hutundikwa.

"Kulabu gani, Nana?" auliza Dale, mjukuu, miaka tisa,
ambaye alipaswa kuwa amelala.
Winifred anafikiri. "Za bucha, nadhani."
"Za samaki," anapinga Edna, dada mtu,
ambaye maisha yake yote hajavua hata dagaa.
Miaka sabini wameitumia nahau hii
kama watu wanaokalia kiti
bila kuuliza mguu wake ulichongwa mti gani.

Mzee Raistrick, mpiga deki wa zamu ya usiku,
anaegemea mpini.
"Za joho," anasema.

Na bila kuombwa anaanza mbali:
sufu ya kondoo wa mlimani, ikachanwa, ikasokotwa,
ikafumwa chumba cha juu, karibu na dirisha,
maana mwanga wa huku ni wa kuviziwa.
Joho bichi likalowekwa mkojo uliochacha
(Dale amezinduka kabisa),
mkojo wa mtaa mzima, wa ndoo, mlango kwa mlango,
kisha likashushwa mtoni, kwenye kinu,
nyundo za mbao zikalitwanga kutwa kucha
hadi nyuzi zikasahau kuwa zilikuwa mbalimbali.
Likatoka zito, nene, limenywea,
limejikunja kama mtu aliyefokewa.

Lingekauka hivyo, lisingemfaa hata mbwa.
Ndipo likapandishwa hapa,
penye maegesho ya magari sasa,
kwenye viunzi virefu vya mbao,
kulabu juu, kulabu chini,
maelfu, zimepinda kama kucha za paka.
Ncha hii, vuta.
Ncha ile, vuta.
Likawambwa kama ngozi ya ngoma,
upepo ukaja ukalipiga, halikulia.
Na mwizi aliyelichomoa gizani
mji huu huu ulimkata kichwa.

Anafungua kiganja: nukta za makovu, safu mbili.
Kiwanda chake cha mwisho kilikuwa na mashine ya kuwamba,
yenye meno.
Kilipofungwa, mashine ziliuzwa kwa uzito wa chuma.
Neno halikupata mnunuzi. Likabaki vinywani.

"Halivutwi ili liteswe," asema mzee. "Huvutwa linyooke."
Alidhani anafariji.

Winifred anamtazama kutoka viatu hadi mvi.
"Joho halina mume, bwana Raistrick."

Basi dekio likarudi ndooni.
Edna anapekua mfukoni, anatafuta pipi ya mnanaa,
anapata risiti ya mwaka juzi, anaisoma yote.

Halafu mlango wa mwisho wa korido unasukumwa
na mtu wa nguo za kijani,
alama ya kofia ingali kwenye paji lake,
anatembea, viatu vya mpira, korido ndefu,
uso wake bado hausomeki.
Winifred amesimama.
Dale kamshika mkono huku, Edna huku,
na mtoto anausikia mwili wa bibi yake:

ncha hii, vuta,
ncha ile

Nyuma yao mashine ya chai, bila kuguswa na mtu,
inaanza kumimina.
Hakuna aliyeweka kikombe.